Rafu ya Kumi na Nne Inamuaga Mzee Cyriaque

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Cyriaque Baranyikwa atavua aproni yake ya kijani na kuondoka katika duka letu la vitabu baada ya miaka ishirini na saba, miezi tisa na siku kumi na tisa ya utumishi. Hizo siku kumi na tisa amezihesabu yeye mwenyewe. Mimi ningeziruka, lakini Mzee Cyriaque si mtu wa kurukiwa hata siku moja.

Kwa wageni watakaopata jarida hili mezani siku ya sherehe, niseme kwanza sisi ni nani. Sisi ni wafanyakazi tisa wa duka la vitabu vilivyokwisha kusomwa, hapa Beltsville, Maryland, ndani ya jengo lililokuwa ghala la mazulia. Mwenye duka ni Mzee Ayinde, mzaliwa wa Washington, aliyejifunza Kiswahili chuoni akiwa kijana na akaapa kwamba akipata duka, jarida la wafanyakazi litaandikwa kwa Kiswahili. Akapata duka, na kiapo akakitimiza. Kwa hiyo Festus wa Nakuru, Mzee Cyriaque wa Bujumbura na mimi wa Uvira, kila mtu na Kiswahili chake cha nyumbani, tunaandika, halafu Mmarekani anatusahihisha. Kiswahili chake kimepigwa pasi kuliko chetu sote, na hachoki kutukumbusha.

Mimi ni Marie-Thérèse wa kaunta, mnayeniita Mama Jaël. Nimefanya kazi na Mzee Cyriaque kwa miaka kumi na minne. Nilipoombwa niandike wasifu wake nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika neno. Sababu mtaiona mbele.

Mzee Cyriaque alizaliwa Bujumbura, akasomesha watoto wa shule ya msingi kule Rumonge, na jioni alikuwa katekista wa parokia. Vita vilimtoa huko pamoja na mkewe, Mama Elsa, na watoto watatu. Jumatatu tarehe 8 Septemba 1997 aliingia mlango wa nyuma wa ghala hili akitafuta kazi yoyote. Alipewa kisu cha kufungulia maboksi. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha salamu na hali ya hewa tu, lakini anasema boksi halikuulizi lafudhi. Ndani ya miaka miwili alikuwa anapanga riwaya, historia na mapishi, na mwaka 2000 akakabidhiwa rafu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka.

Rafu ya Kumi na Nne ndiyo ya mwisho kushoto, baada ya mapishi na kabla ya choo. Humo mna vitabu vya mambo ya siri na ya rohoni: nyota na tabia za watu, karata za kubashiria, tafsiri za ndoto, mashairi ya Masufi, elimu ya siri ya Wayahudi, sala za watawa wa jangwani, na wale mabwana wa zamani waliotaka kugeuza risasi iwe dhahabu. Yesu wangu, sisi tuliiogopa! Festus, dereva wetu, alibeba maboksi ya rafu hiyo akiwa amevaa glavu, tena Julai. Mimi nilipolazimika kupita pale kwenda chooni, nilikuwa nasali kwenda na kurudi. Mzee Cyriaque alisema kwamba yeye amesomesha katekisimu miaka tisa na kama imani yake inaweza kuangushwa na karatasi, basi haikuwa imani, ilikuwa homa.

Maboksi yetu hutoka kwenye nyumba za watu waliofariki au waliohamia kwa watoto wao. Vitabu vinakuja jinsi vilivyo, na kahawa yao na majina yao ndani. Kwa kuvishika kila siku, Mzee Cyriaque aligundua jambo ambalo sijasikia mwuza vitabu mwingine akilisema. Shika kitabu kilichofungwa, ukitazame upande kurasa zinapofungukia. Utaona uchafu wa vidole. Vitabu vingi vya rafu yake vilikuwa vyeusi mpaka ukurasa wa thelathini hivi, halafu vyeupe pe mpaka mwisho. Maana yake mtu alinunua kitabu kwa moyo mkunjufu, akasoma siku mbili, akatoka jasho, akakiweka kitandani upande wa ukutani, na hapo kikakaa hadi alipokufa. Vichache sana vilikuwa vimechafuka sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho, na doa la chai karibu na hitimisho. Hivyo ndivyo alivyovitenga kwa ajili ya wanaoanza. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba waliosoma kabla yao wameshapiga kura kwa vidole, na kura hizo haziibiwi.

Basi mtu akija na orodha ndefu aliyoitoa kwenye mtandao, Mzee hakubishana naye. Aliviteremsha vitabu vyote, akavilaza kaunta kwangu, akavigeuza upande wa uchafu. Kijana Amari, mwanafunzi wa chuo pale College Park, alikuja na orodha ya vitabu kumi na kimoja, vyote vya jalada jeusi lenye nyota. Tisa kati ya hivyo vilikuwa vyeupe baada ya sura ya pili. Alicheka mwenyewe. Akaondoka na kitabu kimoja chembamba cha historia, kinachoeleza tu nani alianzisha njia ipi, lini, na nani aligombana na nani. Hakikuwa na siri hata moja ndani yake. Amari leo ni mwalimu mwenye kipara kinachoanza, na bado anakuja kila mwezi kuchukua kimoja.

Kimoja, nasema. Hiyo ilikuwa sheria. Mwanagenzi hakuuziwa viwili hata akipiga magoti, jambo lililompandisha Mzee Ayinde presha kila mwisho wa mwezi. Mzee Cyriaque alidai kwamba anayebeba vitabu vitano siku ya kwanza anajenga rafu, hajaanza kusoma.

Alikuwa na mambo mengine aliyoyatazama. Mwandishi aseme alijifunza kwa nani na wapi. Kitabu kisicho na mwalimu kilimtia shaka, hasa kile kinachojitangaza kwamba siri hii haijawahi kutolewa kwa mwanadamu. Kama ni siri ya miaka elfu tatu, aliuliza, mbona bei imechapwa nyuma? Kitabu kinachokutisha ukurasa wa kwanza alikirudisha kwenye boksi, na kile kinachokutaka ununue mshumaa, jiwe na kozi ya pili alikiita ndugu mwenye njaa. Na kila mtu alimwanzisha nyumbani kwao. Mtoto wa Waislamu alimpa Masufi, mjukuu wa Wakatoliki alimpa watawa, Myahudi alimpa historia ya wazee wake, na alipoulizwa sababu alijibu kwa methali ileile miaka yote: usiache mbachao kwa msala upitao. Ukishajua mkeka wako, nenda kalale popote.

Lakini sheria iliyowachekesha watu zaidi ilikuwa ya mama. Kitabu cha kwanza cha mambo haya, alisema, kiwe kile unachoweza kukisoma mezani mama yako akiwa ameketi hapohapo. Siyo kwamba mama akipende. Aweze tu kukuuliza unasoma nini, nawe uweze kumjibu bila kukifunika. Bwana mmoja wa miaka sitini, mwenye ndevu mpaka kifuani, alimjulisha kwamba mama yake alishafariki. Mzee akamwambia asome mbele ya picha yake, na siku atakapojikuta anaigeuza picha ukutani, akirudishe kitabu, atabadilishiwa. Mnacheka? Alirudi baada ya siku nne!

Asije akavimba kichwa bure, niseme na makosa yake. Mwaka 2008 aliweka kwenye rafu kitabu chenye jua, umbo la pembe sita na maneno ya Kilatini kwenye jalada, na kwa kuwa kilikuwa kimechafuka sawasawa hadi mwisho alikisifia kwa moyo wote. Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Mama mmoja wa mji jirani wa Laurel alikinunua akitafuta amani ya nafsi, akakisoma chote kwa heshima, na mpaka leo ana mizinga sita na hutuletea asali kila Desemba. Festus hamwachii. Kila boksi jipya likifika anamwuliza Mzee kama ndani mna nyuki.

Kwenye misa ya Kiswahili Mzee anaimba besi, na wako waliosikia anauza vitabu gani wakahama benchi. Mama mmoja alihama mara tatu mpaka akafika mlangoni. Mzee Cyriaque alimfuata kila Jumapili kumpa amani ya Kristo, hata mlangoni, akimtaja kwa jina. Mama huyo sasa amerudi benchi la tatu.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu ilinigomea wiki mbili.

Mwaka 2019 binti yangu Jaël alikuwa na miaka kumi na saba. Wenye watoto waliokulia huku mnaelewa: unamsemesha Kiswahili, anakuelewa vizuri, anakujibu Kiingereza. Hata hivyo tulikuwa tunaongea. Jumamosi alikuja dukani kunisaidia, na nikimkosa kaunta nilijua yuko wapi, ameketi sakafuni kwenye Rafu ya Kumi na Nne anasoma, na Mzee Cyriaque, ambaye yeye humwita Tonton, yaani mjomba, anapanga vitabu juu ya kichwa chake. Sikupenda, ila sikumzuia.

Siku moja ya Aprili nilikuwa natandika kitanda chake nikakuta chini ya mto karata za kubashiria, zenye picha za mfalme, mnara na mifupa. Sikuuliza. Nilizifunga hivyohivyo kwa kanga yangu, nikashuka ngazi, nikazitupa kwenye jalala la fleti zetu pale Laurel, nikamwagia na maji ya chumvi juu. Jaël aliporudi nikamwambia nilichofanya. Akanitazama, akaingia chumbani, na akaacha kuongea nami. Siyo siku moja. Wiki, halafu wiki. Kisha akabandika karatasi kwenye friji: tarehe 17 Agosti anatimiza miaka kumi na minane, na siku hiyo atahamia kwa rafiki yake Ohio. Mtoto wangu mmoja. Sina mwingine, na baba yake nilimzika Uvira.

Mtu akiumia hutafuta wa kumlaumu aliye karibu. Mimi niliamua karata zile zimetoka kwa Mzee Cyriaque. Niliandika barua kwa mkono, bila jina, nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi ya Mzee Ayinde. Niliandika kwamba mzee yule anaharibu watoto, kwamba kina mama Waswahili wa Laurel wanaliogopa duka, na kwamba aondolewe kwenye rafu ile. Naam, ndugu zangu. Barua iliyomtoa Mzee Cyriaque kwenye Rafu ya Kumi na Nne, ile mliyoijadili jikoni mwaka mzima mkimshuku Festus, niliandika mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa inampimia chai kila asubuhi saa nne.

Mzee Ayinde alimrudisha stoo kufungua maboksi, kazi aliyoianza nayo miaka ishirini na miwili kabla. Rafu akapewa Festus, ambaye aliuza kwa unene wa kitabu. Mzee Cyriaque hakulalamika wala hakuuliza. Alitafuta kisu chake cha zamani, akakinoa.

Mnadhani nilipata ahueni? Kazini nilikuwa nimeshinda na nyumbani nyumba ilikuwa kimya kama kanisa Jumanne. Nilipika pondu, kisamvu cha kwetu, akala chumbani. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya friji kandokando ya karatasi ile. Mwezi wa Juni, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda stoo kutafuta mifuko, nikamkuta Mzee Cyriaque juu ya boksi anakula, akanisogezea nusu ya chapati yake. Nikalia. Nikamwambia yote ya Jaël, karata, jalala, Ohio. Ya barua sikumwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huyo mtoto alikuwa anatafuta nini kwenye karata? Nilijua karata zina picha ngapi za kutisha, nilijua nilimwaga chumvi kiasi gani, lakini mwanangu alitaka kujua nini, hilo sikuwahi kumwuliza. Mzee aliweka chapati chini. Akasema kwamba yeye hajawahi kumchagulia mtu kitabu bila kujua hilo, sembuse kumtupia.

Jumamosi iliyofuata Jaël alikubali kuja, kwa ajili ya Tonton, siyo kwa ajili yangu. Waliongea stoo kati ya maboksi, yeye Kiingereza, Mzee Kiswahili, nami nikiwa kaunta roho juu. Jibu Mzee aliniletea baadaye, na lilinikalisha chini. Kwenye msiba mmoja wa watu wetu kule Laurel, mwanamke fulani alimwambia Jaël kwamba anafanana na bibi yangu, Nabintu, yule aliyekuwa anasoma ndoto za watu. Jaël aliponiuliza bibi huyo ni nani, nilimwambia achukue sahani azipeleke jikoni. Karata zenyewe aliziagiza mtandaoni, wala hazikutoka dukani kwetu. Alikuwa anamtafuta bibi huyo, na mlango wa kwetu niliufunga mimi.

Niliufunga kwa sababu nami nilifungiwa. Bibi Nabintu alikuwa anaendewa na wanawake asubuhi, wakimweleza ndoto zao, naye akiwaambia maana. Miaka mingi aliheshimiwa. Kisha mtoto wa jirani akafa, mtu akanyoosha kidole, na usiku mmoja wakamtoa kwenye nyumba yake na akafia ugenini. Mama yangu akaapa jina hilo lisitajwe nyumbani. Mimi nilibeba hofu hiyo kutoka Uvira mpaka kambini, kutoka kambini mpaka Maryland, nikidhani namlinda mwanangu. Nilikuwa naogopa, basi. Niliogopa kwamba kitu kile kiko kwenye damu yetu na watu watanyoosha kidole tena.

Mzee Cyriaque alitafuta kitabu kwa wiki tano. Hakuwa na rafu, alikuwa na maboksi tu, na kila boksi lililofika kutoka kwa mapadri na maprofesa marehemu wa eneo hili alilipekua mpaka chini. Katikati ya Julai alimpa Jaël kijitabu cha kurasa themanini, kimechafuka sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mtawa mmoja aliyekaa miaka mingi kando ya Ziwa Tanganyika aliandika humo ndoto alizosimuliwa na wanawake wa huko, na maana walizozipa wao wenyewe. Jaël alikifungua kwenye gari. Kilikuwa cha Kifaransa.

Sasa mtoto wangu Kifaransa anachojua ni bonjour na majina ya mikate. Jumatatu nilimwendea Mzee nimevimba. Baada ya miaka yote ya kuchagulia watu vitabu, amchagulie msichana kitabu asichoweza kusoma hata mstari? Alikuwa anakata utepe wa boksi. Akanijibu kwa upole kwamba labda cha Kiingereza kitapatikana baadaye, na kwa sasa yumo mtu mmoja nyumbani mwetu anayesoma Kifaransa vizuri sana.

Jumapili iliyofuata baada ya misa Jaël alikiweka kitabu mezani mbele yangu, kati ya sahani, akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili kuketi nami. Nikavaa miwani. Nikasoma Kifaransa kimoyomoyo, nikakitoa kwa Kiswahili, naye akauliza kwa Kiingereza. Tulikwenda hivyo kurasa sita. Ukurasa wa saba mtawa anaeleza kwamba mwanamke aliyeota vibaya hakumsalimu mtu kabla hajachota maji mkononi, akayaambia maji ndoto yake, akayamwaga nje ya kizingiti. Nikavua miwani. Jaël akadhani nimefika neno gumu. Halikuwa neno gumu. Nilikuwa nauona mkono wa Bibi Nabintu na maji yanavyopita vidoleni, nami nikiwa na miaka mitano nimejificha nyuma ya mlango. Nikamwambia. Nikamwambia jina, nikamwambia wimbo aliouimba akichota, nikamwambia na kidole kilichonyooshwa na jinsi alivyokufa. Wali ulipoa. Tulilia wawili, mimi kwa sauti, yeye kwa Kiingereza.

Kitabu tulikimaliza Jumapili ya nne. Tarehe 17 Agosti Jaël alikata keki nyumbani, na karatasi ya friji aliitoa mwenyewe, sikumwuliza. Ohio alikwenda baadaye, kutembea, siku tatu. Leo ni muuguzi, ana nyumba yake dakika kumi kutoka kwangu, na asubuhi akiwa ameota vibaya ananipigia simu kabla hajamsalimu mtu.

Septemba nilikwenda kwa Mzee Ayinde nikamwomba amrudishe Mzee Cyriaque kwenye rafu. Akaniuliza sababu, nikasema wateja wanalalamika. Ilikuwa kweli nusu. Amari peke yake alikuwa ameandika barua mbili, tena zenye jina. Mzee Cyriaque akarudishwa, na mpaka leo amedumu pale. Katika miaka sita hii amewafundisha vijana wawili wa duka namna ya kusoma uchafu wa vidole, na ameacha boksi lenye vitabu arobaini vya kuanzia, kila kimoja na kikaratasi chenye mwandiko wake kinachosema ni cha mtu wa namna gani. Watu wanatoka hata Virginia kuja kuulizia.

Desturi ya jarida letu ni kwamba mstaafu asome rasimu kwanza, arekebishe tarehe. Ndiyo maana nilikaa wiki mbili. Nilijua lazima niandike ya barua, kwa maana kumsifu mtu hadharani huku nimeficha kisu ni unafiki, na nilijua ataisoma peke yake kabla yenu. Nilimwachia bahasha kwenye aproni yake Ijumaa iliyopita, nikakimbilia nyumbani kama mwizi. Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Niliogopa kumpoteza, niseme wazi. Baada ya mama yangu, hakuna mtu mzima aliyenifaa kama huyu.

Jumatatu rasimu ilikuwa kaunta kwangu. Alikuwa amesahihisha kwa penseli. Kwenye mwanzo aliongeza siku kumi na tisa. Kwenye nyuki aliandika kwamba mizinga ni sita, siyo minne. Pale nilipoandika kwamba barua ilikuwa ya kurasa mbili, alikata neno mbili. Pembeni aliandika hivi:

“Tatu. Mzee Ayinde alinipa niisome siku ileile, na mwandiko wako nauona kwenye kila bei ya duka hili. Ukurasa wa tatu ulimwomba asinifukuze kazi, kwa kuwa mke wangu Elsa alikuwa anasafishwa figo na bima yake ni ya hapa. Umeusahau, Mama Jaël. Mimi sikuusahau.”

Nilikuwa nimeusahau kabisa. Miaka sita nimejibeba kama mtu aliyeandika kurasa mbili, na yeye, aliyeandikiwa, alikuwa ameutunza ule wa tatu. Alikuwa anajua siku aliyonikatia nusu ya chapati. Alikuwa anajua wiki zote tano alizopekua maboksi kwa ajili ya mtoto wangu.

Mzee Cyriaque, kwa niaba ya Mzee Ayinde, Festus na wenzetu wote, tunakushukuru kwa kila boksi na kila mgeni uliyemshika mkono mwanzoni mwa njia yake. Kwa niaba yangu na ya Jaël, aksanti, na unisamehe, hata kama umeshafanya hivyo bila kuombwa. Wewe na Mama Elsa mpate afya, wajukuu wengi, na asubuhi za kulala mpaka jua liwachoke. Nenda salama, Tonton. Mlango wetu unaujua.